Talaka Iliyotundikwa

Miaka ile ya siasa, Pemba, mtu aliulizwa chama chake kwanza, hali yake baadaye. Watu waligawana misikiti, wakagawana visima, wakagawana hata maduka. Mtu alitembea nusu saa nzima kwenda kununua kiberiti kwa mwenzake wa chama, na duka la upande wa pili liko mlangoni mwake. Majina ya vyama vyenyewe tutayaacha, maana wapo wajukuu wanaonuniana mpaka leo bila kujua walianza kununiana kwa ajili ya nini. Itoshe kusema kwamba kwenye karatasi ya kura ya jimbo lile palikuwa na picha mbili, moja juu na moja chini, na watu wakaitana hivyo hivyo, wa Juu na wa Chini.

Shaame alikuwa wa Juu. Mkwewe, Mzee Khatib, alikuwa wa Chini. Kati yao palikuwa na bonde la mpunga, mwendo wa robo saa, na Mwatum, mke wa mmoja na binti wa mwingine, aliyezoea kulivuka bonde hilo kila Ijumaa na kikapu cha mihogo kichwani kwenda kumtazama babake. Tangu Oktoba alikuwa amekatazwa kuvuka. Kikapu kilikaa ukutani mpaka panya wakakitoboa.

Alasiri moja ya Disemba, Mwatum alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Mwatima, binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa na yuko darasa la tatu, alikuwa kando yake anasoma kitabu cha skuli kwa kunong'ona. Nje, barazani, Shaame alikuwa na wenzake wanakunywa kahawa. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na kila kilichosemwa nje kilisikika ndani kana kwamba hakuna ukuta.

"Jimbo lino litatoka kwa kura mbili tatu," alisema Othman, mwenye duka la upande wao. "Na wewe Shaame, kura yako ishakufa."

"Ishakufa vipi?"

"Wewe Juu, nkeo Chini. Zafutana. Bora nkae nyumbani nyote wawili, nkampunguzie karani kazi."

Wakacheka. Shaame alisubiri wamalize, akasema, "Nke wangu atapiga nnapomwambia."

"Atakwambia kapiga. Nyuma ya lile pazia huendi naye. Na yule si binti wa Khatib?"

Walipocheka mara ya pili, Mwatum aliusimamisha ungo. Alimjua mumewe. Shaame alikuwa mtu wa kazi, mpole kwa mtoto, na katika miaka kumi na miwili hakuwahi kumnyanyulia mkono. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kuchekwa. Akichekwa alikuwa tayari kuitia moto nyumba yake mwenyewe ili watu wanyamaze.

"Basi sikilizeni nyote," Shaame alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Wallahi, Mwatum akikipigia chama cha babake, au siku hiyo akikaa nyumbani asende kupiga, ndiyo talaka zake tatu. Nkashuhudie."

Mtu mmoja akasema astaghfirullahi. Othman mwenyewe, aliyekuwa akichokoza tangu alasiri ianze, alinyanyuka akatafuta viatu vyake. Ndani, Mwatima alikuwa ameacha kusoma. Alimtazama mamake, na mamake akaanza tena kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Shaame alipoingia hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa maji, akabaki ameshika kata mkononi.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia. Na mtoto kasikia."

"Wameniudhi, Mama Mwatima."

"Wamekuudhi wao, naachwa mie."

"Nani kasema waachwa? Fanya nnavyokwambia, yatakwisha salama. Picha ya juu. Hata kipofu aiona."

"Na nikiugua siku hiyo?"

"Usiugue," alisema Shaame, akairudisha kata juu ya mtungi, akatoka kwenda kusali.

Hakuwa akitania. Na Mwatum alijua talaka tatu ni kitu gani. Hakuna kurejeana, hakuna wazee wa kusuluhisha. Mwanamke hukunja mkeka wake siku hiyo hiyo. Mwatima alikwisha pita miaka saba, kwa hiyo angebaki kwa babake, na babake angempeleka Micheweni kwa dada yake, ambaye tangu mwaka jana alikuwa akiomba apewe msichana wa kumbebea watoto. Vitabu vingeishia hapo. Mwatum aliyaona yote yamepangwa kama vyombo kabatini, na kitu pekee kilichoyazuia yasianguke ni alama moja ya kalamu ambayo bado hajaitia.

*

Jibu la babake lilifika siku ya tatu, nalo lililetwa na Moza.

Moza alikuwa jirani yao mpaka Novemba. Mwezi huo alipanda lori la chama cha mamake kwenda mkutanoni, mumewe akaambiwa, na aliporudi alikuta sufuria yake na mkeka wake vimewekwa nje ya mlango. Wanawe wawili walibaki ndani. Sasa alikaa kwa mamake, upande wa pili wa bonde, na kila siku alitafuta sababu ya kupita mtaa huu ili awaone watoto wakicheza.

Alikaa mkekani, akachukua ukili wa Mwatum, akaendelea kuusuka pale mwenzake alipofikia.

"Babako kapata habari," alisema mwisho.

"Kasema nini?"

"Ijumaa, baada ya sala, mbele ya watu. Kasema Mwatum akikipigia chama cha mumewe, radhi yake hana. Na siku akifa usende kumwona maiti."

Mwatum aliuma midomo. Angekuwa peke yake angelia, lakini hasira ilitangulia machozi.

"Wanawake tulipopewa kura, Moza, nani alinipeleka kujiandikisha?"

"Mumeo."

"Mume wangu kanipandisha gari. Na baba kanitumia salamu kuwa kafurahi, nimefanya la maana. Kila mmoja anihesabu kwake. Karani kaniambia niandike jina langu, nikaliandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, mkono haukutetemeka. Karani kasema, mashallah, hati nzuri. Nikarudi nyumbani nimefurahi kama nimeolewa. Kura yenyewe moja, Moza, na washaigawana wote wawili. Mie sina hata kipande."

"Na ingekuwa yako, ungepiga wapi?"

Mwatum alimweleza. Mimi sitasema ni wapi, ila nitasema kwa nini. Kati ya wagombea wale wawili palikuwa na mmoja aliyesimama kwenye mkutano akasema anataka skuli ya wasichana iendelee zaidi ya darasa la nne, hapa hapa karibu, na mkunga aliyesomea awekwe kila baada ya maili kadhaa, kwa sababu nchi inayotaka kujitawala haiwezi kutembea kwa mguu mmoja. Wanaume walikohoa, wakangoja aje kwenye bei ya karafuu. Mwatum, aliyekuwa nyuma kabisa na buibui lake, aliyashika maneno yale akayapeleka nyumbani. Ndugu yake Mwanapili alikufa katika uzazi kwa kukosa mtu wa kumsaidia. Na Mwatima alibakisha mwaka mmoja na kitu kulimaliza hilo darasa la nne.

"Mie sina tena wa kuniacha," Moza alisema. "Nitapiga nipendapo."

Alisema kwa kucheka. Halafu watoto wawili wakapita mbio uani wakifukuza kuku, na Moza akaukosea ukili, ikabidi afumue sehemu kubwa.

*

Mwatum aliomba ruhusa ya kumpeleka Mwatima chuoni yeye mwenyewe, akapewa, kwa sababu chuo cha Kurani cha Mwalim Nyange hakikuwa cha Juu wala cha Chini. Mwalim huyo ndiye aliyemfundisha Mwatum kusoma, kwa bakora na kwa uvumilivu, na alikuwa hodari wa mambo ya ndoa na mirathi. Aliwapa watoto aya za kurudia, akaja kukaa na Mwatum ubavuni mwa chuo, kwenye kivuli cha paa.

"Shikamoo, Mwalim."

"Marahaba, mwanangu. Habari yako nnayo."

"Neno la mume wangu halirudishiki?"

"Talaka ya kutundikwa hairudishiki. Ishatundikwa, yangoja jambo lake tu. Jambo likitokea, imeanguka. Lisipotokea, hakuna kitu."

"Na la baba?"

"Radhi ya mzazi ni nzito, Mwatum. Hapo sina la kukupunguzia."

"Basi kaseme nao, Mwalim. Wewe watakusikia. Waambie mie ni ntu mmoja."

Mwalim Nyange alizitazama ndara zake. Alikuwa mtu mzuri, nasi tusimdhulumu, lakini wema wake ulikuwa wa kukaa, si wa kusimama.

"Katika safu nyuma yangu nna watu wa Juu na wa Chini," alisema. "Nikilifungua hili, kesho nitasali peke yangu."

Mwatum alimchukia kwa muda wa kupumua mara mbili tatu. Akaona kumchukia hakumsaidii kitu, akauliza kwa sauti ile ile ya mwanafunzi aliyokuwa nayo zamani:

"Nitajie maneno yao kama walivyoyasema. Yote."

Mwalim aliyataja, polepole, maana kwa elimu alikuwa mwaminifu kuliko alivyokuwa kwa watu. "Mumeo kasema: akikipigia chama cha babake, au akikaa nyumbani asende kupiga. Basi. Babako kasema: akikipigia chama cha mumewe. Basi. Talaka hufuata maneno yaliyotamkwa. Hayaongezwi, hayapunguzwi."

"Baba Mwatima hakusema ni lazima nipige chake."

Mwalim alinyanyua uso. "Hakusema."

"Na baba hakusema ni lazima nipige chake."

Ndani watoto walikuwa wamefika mwisho wa aya na kuanza upya. Mwalim Nyange alisimama, akakung'uta kanzu. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Leo sikukufunza chochote."

Njiani Mwatum hakuona furaha aliyoitegemea. Mlango ameuona, ndiyo, lakini mlango wenyewe ulimtaka aache nje kile kitu kimoja alichopewa kiwe chake. Angeweza kumlinda mtoto na kuilinda radhi ya babake kwa kwenda kwenye kura na kutopiga. Tangu dunia iumbwe wanawake wa ukoo wake hawakuwahi kuulizwa nchi iendeshwe vipi. Yeye ameulizwa, na jibu lake litakuwa kunyamaza.

*

Siku ya kura, Jumanne ya Januari, kulikuwa na kanga mbili juu ya kitanda. Moja ililetwa na chama cha mumewe, nyingine ilipenyezwa kutoka kwa babake na mpita njia. Mwatum alivaa kanga yake ya zamani iliyokwisha fifia, akavuta buibui juu yake, na hapakuwa na mtu wa kujua.

Gari la wa Juu liliwachukua wanawake sita. Kituoni wanaume walikuwa na mstari wao na wanawake wao, na jua lilikuwa moja kwa wote. Shaame alisimama mbali, kule walikowekwa wasiotakiwa kukaribia, akamwonyesha mkewe kidole kilichonyooshwa juu. Ng'ambo ya barabara, Mzee Khatib alikuwa amekaa juu ya jiwe na bakora yake. Hakuonyesha kitu. Alimtazama tu, na Mwatum akaona kuwa tangu Oktoba babake amekonda.

Karani alitafuta jina lake, akalipiga mstari, akampa karatasi. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ndogo na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Mwatum aliikunjua karatasi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Picha ya juu ilikuwa juu na ya chini ilikuwa chini, na hata kipofu angeziona.

Aliishika kalamu. Wiki tatu alikuwa akijifunza alama ile kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko, mistari miwili inayokatana, na Mwatima akimsahihisha kama mwalimu mkali. Aliujua mkono wake. Alijua pia mahali pa kuiweka, na kwa kitambo kidogo alama ilikuwa imekwisha fika kwenye vidole, imebaki kushuka tu. Akamwona Mwatima Micheweni na mtoto wa mtu mgongoni. Akaona jeneza la babake linapita na yeye yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Aliiweka kalamu mezani taratibu ili uzi usivute kitu. Akaikunja karatasi tupu mara mbili, akaitia sandukuni. Na alilia chini ya buibui kutoka sandukuni mpaka garini, na wanawake wenzake walidhani ni vumbi.

*

Wa Chini walishinda jimbo kwa kura tatu.

Shaame aliposikia aliinama akachukua mto wake, akauhamishia barazani. Chakula alichopikiwa hakukigusa, maji aliyochotewa hakuyanywa, maana kama kura moja katika tatu zile ilikuwa ya mkewe, basi mke yule alikuwa haramu kwake tangu Jumanne. Wapita njia walimwona mtu mzima anachoma muhogo wake mwenyewe mbele ya nyumba yenye moshi jikoni. Walimpa salamu ndefu kuliko kawaida.

Siku ya pili Mzee Khatib alivuka bonde. Tangu Oktoba hakuwa ameikanyaga ardhi ile, na sasa alikuja na kanzu mpya, na nyuma yake Mwalim Nyange, aliyekokotwa kuwa shahidi.

"Salamu alaykum. Nimekuja kumchukua mwanangu," mzee alisema. "Talaka zishaanguka. Hawezi kukaa kwa ntu asiye mumewe."

"Nani kakwambia zimeanguka?" Shaame alisimama. Ndevu hakuwa amenyoa. "Kura ya nke wangu ni ya Juu."

"Mwanangu hawezi kuitupa radhi yangu."

"Na nke wangu hawezi kuvunja nyumba yake."

"Muulizeni mwenyewe," alisema Mwalim Nyange, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana alichokisema katika jambo lile. "Hili hakuna alijuaye ila yeye. Akiapa, kauli ni yake."

Mwatum aliitwa ukumbini. Akaomba kwanza atawadhe. Aliosha mikono, akaosha uso, akaosha miguu, bila haraka, na wanaume watatu wakangoja wamesimama. Haikuwahi kutokea katika maisha yake kwamba wanaume watatu wamsubiri. Mwatima alikuwa mlangoni mwa chumba, ameshika pazia kwa mikono miwili. Msahafu uliletwa, Mwatum akauwekea mkono.

"Wallahi," alisema, "sikukipigia chama cha baba."

Shaame alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Alitaka kusema, lakini Mwatum hakuwa ameuondoa mkono.

"Wallahi, sikukipigia chama cha mume wangu."

Mkwe na mkwewe walitazamana. Mwalim Nyange alitazama mkeka.

"Basi ulipiga wapi?" Mzee Khatib aliuliza.

"Sikupiga popote. Niliikunja tupu nikaitia."

Kitu kikamtingisha Mzee Khatib mabega. Mwatum alidhani babake analia. Alikuwa anacheka.

"Tupu," mzee alisema. "Kaikunja tupu. Allah, Allah. Zile kura kumi na moja walizotangaza zimeharibika, moja hiyo hapa."

"Nilimwambia ya juu, Mzee," Shaame alisema, na kicheko kilikuwa kimempata naye, kicheko cha mtu aliyerudishiwa nyumba yake. "Nimemwonyesha kwa kidole. Hata kipofu aiona."

"Nilisema mie, serikali imefanya haraka. Hawa bado. Mwanamke wampa kalamu aifanyie nini, aikorogee mchuzi?"

"Kweli, Mzee. Hilo kweli."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza waliloafikiana tangu siasa ianze. Mzee alikaa. Shaame akakaa karibu yake. Mkono wa mzee ulikuwa juu ya goti la mkwewe, unalipigapiga.

Mwatum alifungua mdomo. Alitaka kusema, najua kuandika, Mwalim huyu kanifundisha, nilijua picha na nilijua pa kuweka, na nyinyi ndio mlionifungia njia zote ikabaki hiyo moja. Alimtazama Mwalim Nyange. Mwalim alitikisa kichwa kidogo sana, akarudi kutazama mkeka. Akawatazama wale wawili. Wakijua kuwa amewazidi akili, kiapo kingine kingetungwa kabla ya adhuhuri, na safari hii kisingeachiwa upenyo. Akamwona Mwatima kwenye pazia. Akaufunga mdomo.

"Tupikie kahawa, mwanangu," Mzee Khatib alisema kwa upole kabisa, akipangusa macho. "Tupikie kahawa, umetuchekesha."

Jikoni Mwatima alimfuata, akachutama mbele ya mafiga. Alama za mkaa bado zilikuwapo sakafuni, safu kwa safu.

"Mama, si wajua kuandika?"

"Najua."

"Mbona hukuwaambia?"

"Chochea moto," alisema Mwatum. "Kahawa yangojwa." Na akageuka apate kikombe cha tatu, kile cha Mwalim.

*

Wakampa jina, Bi Karatasi. Kwenye duka la Othman, kisimani, bondeni wakati wa kupanda mpunga, kila mtu alijua kisa cha mke wa Shaame aliyeitia kura tupu, na wanaume wa Juu na wa Chini walikisimulia kwa furaha ile ile. Shaame alikuwa akikisimulia mwenyewe, kwa sababu safari hii aliyekuwa akichekwa si yeye. Mwatum alipita na ndoo yake kichwani, akaitika salamu, akaendelea. Iliuma. Iliuma kila siku, na tusiseme kwamba alizoea. Usiku wa Ijumaa moja alimwambia Mungu peke yake, kwa maneno ya wazi, kwamba amechoka kuwa mjinga kwa ajili ya watu wengine.

Kisha habari zikaja kuwa nchi nzima vyama vimekabana, hakuna aliyepata nguvu ya kutosha, na kura zitarudiwa Juni.

Mwatum alingoja kiapo. Alikingoja barazani kwa mumewe kila alasiri, sikio ukutani na ungo mkononi. Alikingoja kutoka kwa babake kila Ijumaa, maana sasa alikuwa ameruhusiwa kuvuka bonde na kikapu kipya. Mei ikaisha. Hakikuja.

"Safari hii nitakufundisha mwenyewe," Shaame alimwambia, wiki moja kabla. Alichutama uani, akachora kwa kijiti kisanduku juu na kisanduku chini, akaweka alama mbaya iliyopinda. "Hapa. Usiogope kalamu, haiumi. Umeona?"

"Nimeona."

"Na usipoweza, basi, si neno." Akamcheka kidogo, kwa mapenzi.

Babake naye alimpa kipande cha karatasi kilichokatwa gazetini chenye picha ya chini, akamwambia aifiche kwenye buibui aifananishe atakapofika. Hakutaja radhi. Hakutaja maiti. Mtu haapi juu ya mtu anayemdhani hajui kitu. Mwatum alisimama katikati ya bonde siku hiyo, mpunga umeiva pande zote na watoto wanapiga makelele ya kufukuza ndege, na ikamjia wazi kabisa kwamba hakuna kitu kilichotundikwa juu yake. Wamesahau kumfunga. Dharau yao ndiyo iliyomfungulia, na hakujua ashukuru au atapike.

Siku ya kura alisimama mstarini, na nyuma yake alisimama Moza. Moza aliuwekea mkono mgongo wake mara moja, pale buibui linapokunjana, akauondoa.

Karani alikuwa yule yule. "Bi Mwatum," alisema alipoliona jina, maana kisa kilikuwa kimemfikia naye. "Umekumbuka alama leo? Mistari miwili hivi." Akamchorea hewani kwa kidole. Wasimamizi wa vyama vyote viwili wakatabasamu.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mwatum.

Nyuma ya pazia alikifunua kipande cha gazeti, akakiweka mezani. Akaikunjua karatasi. Hakuharakisha. Aliifikiria skuli, akamfikiria Mwanapili aliyelala siku mbili na uchungu hapana wa kumsaidia, akamfikiria yeye mwenyewe. Kisha akaishika kalamu na akaitia alama, mistari miwili iliyonyooka, inayokatana katikati kama ilivyotakiwa, na akaikandamiza mpaka ikaonekana upande wa pili.

Aliitia wapi, mumewe hakujua mpaka anakufa, wala babake, na mimi ninayesimulia sitakuwa wa kwanza kuitoa nje.

Shaame alikuwa anamngoja kando ya gari pamoja na Othman. "Haya," alisema, "leo umeweza?"

"Nimeweza."

"Kaweza," Shaame alimgeukia Othman, na wakacheka wote wawili. Mwatum naye akacheka, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akapanda garini akakaa karibu na dirisha.